Askari Asiyefika Bandarini

Sisi tupitao kila siku katikati ya mji wa Dar es Salaam, pale Barabara ya Samora inapokutana na Mtaa wa Azikiwe, tumekwisha mzoea yule askari wa shaba nyeusi hata hatumtazami tena. Tangu mwaka 1927 yumo katika kushambulia. Mguu mmoja umetangulia, goti limekunjwa, kiwiliwili kimeegemea mbele, na bunduki yenye singe imeelekezwa bandarini. Miaka yote hiyo hajasogea hata inchi moja. Lakini muulize mtoto yeyote yule bwana anafanya nini, hatakuambia kuwa amesimama. Atakuambia anakwenda kupigana. Shaba haiendi popote. Basi mwendo huo tunaouona umetoka wapi?

Mtu aweza kujibu kwa haraka kwamba mchongaji alimnasa askari katikati ya hatua, kama afanyavyo mpiga picha. Jibu hilo halitoshi. Itazame picha ya mchezaji wa mpira iliyopigwa ghafla: mara nyingi mguu uko hewani, mdomo wazi, naye aonekana kama mtu aliyeshikwa na ganzi. Picha haikusema uongo, ila mwendo umetoweka.

Auguste Rodin, mchongaji mashuhuri wa Ufaransa, alilifikiri sana jambo hili. Sanamu yake ya Yohana Mbatizaji, aliyoianza mwaka 1878, yaonyesha mtu anayetembea, na nyayo zake zote mbili zimekanyaga chini barabara. Jaribu mwenyewe uani kwako: uzito ukishahamia mguu wa mbele, kisigino cha nyuma hakina budi kuinuka. Kwa hiyo Yohana yule atembea kwa namna ambayo binadamu hatembei, na hata hivyo amtazamaye haoni kasoro, aona mtu aendaye. Katika mazungumzo yaliyochapishwa mwaka 1911, Rodin alieleza kuwa sanamu yenye mwendo hukusanya nyakati mbalimbali katika mwili mmoja. Kiungo kimoja kingali katika wakati uliopita, kingine kimekwisha ingia katika wakati unaokuja, na jicho la mtazamaji, likisafiri kutoka huku hadi kule, ndilo linalotembea.

Wachongaji wa Kimakonde, ambao vinyago vyao twaviona pale Mwenge, wanaufahamu ukweli huo bila kuagiza mwalimu kutoka Paris. Mti wao ni mpingo, mzito kiasi cha kuzama majini, na kinyago kizima hutoka katika gogo moja. Katika aina ile iitwayo ujamaa, watu wamepandana kulizunguka gogo, huyu amemshika yule bega, yule amemkanyaga mwenziwe mgongoni. Hakuna hata mmoja anayekimbia. Lakini jicho haliwezi kutulia mahali. Lapanda kutoka mtu hadi mtu mpaka kileleni, na mwenye kutaka kukimaliza kinyago hana budi kukizunguka kwa miguu yake mwenyewe. Kwa maoni yangu, ufundi huo wamzidi Rodin.

Turudi kwa askari wetu. Aliyemchonga ni Mwingereza, James Alexander Stevenson, na kazi yake ni nzuri. Kabla ya hapo Wajerumani walikuwa wamesimamisha mjini sanamu ya gavana wao, Hermann von Wissmann. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 waliing'oa, ikapelekwa kwao, kisha Hamburg, ambako mwaka 1968 wanafunzi waliiangusha. Ajabu ni kwamba aliyechongwa amesimama wima ndiye aliyesafiri, na anayeshambulia ndiye aliyebaki palepale!

Stevenson huyohuyo alifanya na sanamu ya Nairobi. Kule wako watu watatu, mmoja wao mpagazi, nao wamesimama tuli. Hapo ndipo ninapoona pa kuuliza. Vita vile vya mwaka 1914 hadi 1918 katika nchi zetu vilikuwa vita vya kutembea kuliko kushambulia. Chakula, risasi na dawa vilibebwa vichwani na mabegani, kutoka upande wa Kilimanjaro hadi Rufiji na kuvuka Ruvuma. Makumi elfu ya wapagazi walikufa, wengi wao kwa maradhi na uchovu, si kwa risasi. Maandishi yaliyo chini ya askari wetu yanawataja wapagazi hao, na Kariakoo yetu ilipata jina kutokana na kikosi chao kilichopiga kambi pale. Lakini mwendo uliopewa shaba ni wa singe. Waliotembea zaidi wamepewa maneno. Na kule Nairobi mpagazi alipopewa mwili, mwili huo ulisimamishwa.

Labda sababu moja ni ya kiufundi. Mshambuliaji ni rahisi kumsogeza: mtupe mbele, mkunje goti, jicho litamfuata. Mtu mwenye mzigo kichwani hana mambo hayo. Shingo haigeuki, hatua ni fupi, mgongo umekazwa, na mwendo wote umejificha magotini na katika vidole vya miguu. Kumwonyesha huyo akitembea kwataka fundi aliyezoea kumwegemeza mtu kwa mtu, ili jicho likishindwa kuendelea na mmoja lidakwe na wa pili. Fundi wa namna hiyo tunaye, na mti anao. Nasi tungeliweka gogo lake Kariakoo, ambako wachukuzi na wasukuma mikokoteni wangepita asubuhi ya kwanza tu, wakasema papo hapo kama magoti yale yamekunjwa sawasawa.