Tere kwanza, mengine yatafuata



Mwezi uliopita kikundi chetu kiligombana kidogo. Dada yetu mmoja amepata nafasi ya kusoma chuo kikuu huko Tartu, nchini Estonia. Habari ilipofika tulifurahi sana, tukapika, tukaimba hadi majirani wakatoka nje. Kisha mmoja wetu akatoa wazo: wakati dada anasubiri viza, tukae naye jioni mbili kwa wiki, sote tujifunze salamu na maneno ya kila siku ya Kiestonia, asijifunze peke yake na kuona aibu. Hapo ndipo kelele zilipoanza. "Lugha ya watu milioni moja na kidogo, ya nini?" "Si kule vijana wote wanajua Kiingereza?" "Na sisi ambao hatuendi popote, tunajifunza ya kazi gani?"

Mwishowe tulijifunza. Leo tunaandika kusema kwa nini tunaona tulifanya vizuri, na kwa nini kila kijana anayesafiri, na kila mgeni anayekuja kwetu pia, anatakiwa kuanza na salamu za watu anaowaendea.

Tuanze na sisi wenyewe. Wengi wetu tulipovuka mpaka kutoka Kongo na Burundi kuingia Uganda, tulikuwa na Kiswahili, Kifaransa, Kirundi, Kinyabwisha, Kibembe. Lugha tulikuwa nazo nyingi, lakini za hapa tulipofika hatukuwa nazo. Mwenzetu mmoja alimpeleka mdogo wake kwenye kituo cha afya, mtoto anachemka kwa homa. Akatumwa mstari huu, akarudishwa mstari ule, karatasi mkononi asiyoelewa imeandikwa nini. Hakuna aliyemtukana. Ila hakuwa na neno hata moja la kumsimamisha mtu. Alipata msaada jioni. Mtoto alipona, tunashukuru Mungu, lakini kaka yake mpaka leo akisimulia siku ile sauti inabadilika.

Aliyetufungulia mlango alikuwa mama mmoja muuza ndizi. Alitufundisha kusema "Agandi" na kujibu "Ni marungi." Akatufundisha "Webare" ya kushukuru. Maneno matatu tu! Kuanzia hapo tukipita sokoni watu walitucheka kwanza, kisha wakatusahihisha, kisha wakatujua majina. Bei ya ndizi haikushuka sana, tusidanganyane. Ila tuliacha kuwa "wale wakimbizi", tukawa vijana wa mtaa fulani.

Kwa hiyo dada yetu alipotajiwa Tartu, swali letu halikuwa kama Kiestonia ni lugha kubwa au ndogo. Tulijiuliza nani atakuwa muuza ndizi wake kule, na yeye atamsalimiaje?

Sasa tuwaambie tulichokipata, maana kina utamu wake. Salamu ya kwanza ni "Tere." Isome hivyohivyo kama Kiswahili, te-re. Inafaa saa yoyote, kwa mtu yeyote. Neno lao la afya ni "tervis", na salamu hii ni ya ukoo huohuo. Kumsalimia mtu ni kumtakia uzima, kama sisi tunavyosema salama. Asubuhi wanasema "Tere hommikust", mchana "Tere päevast", jioni "Tere õhtust".

Herufi zenye nukta zilitutisha, lakini wenzetu waliosoma Kifaransa shuleni Kongo walitusaidia. "Ü" ni ile u ya Kifaransa katika "tu". "Ö" inakaribia sauti iliyo katika "peu". "Ä" ni a na e zikikutana, mdomo uwe wazi. Inayosumbua ni "õ": unataka kusema o, lakini midomo ibaki imetandazwa kama unasema i. Tulicheka mpaka machozi. "J" wao ni y yetu, ndiyo maana "jah", yaani ndiyo, inasomwa "yaa".

Kitu kingine ni mkazo. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho. Wao karibu siku zote wanakaza ya kwanza: VA-bandust, NÄ-gemist. Lakini "aitäh", asante, imekataa kufuata sheria, inakazwa mwishoni. Na urefu wa sauti unabadilisha maana: "sada" ni mia moja, "saada" ni kumwambia mtu atume kitu. Ukiharakisha umeomba kingine.

Mambo mengine ni kama ya nyumbani. Sisi tunasema "yeye" bila kujali mwanamume au mwanamke, na wao wana "tema", au "ta" kwa kifupi, kwa wote wawili. Wana "sina" ya rafiki na "teie" ya heshima, sawasawa na tu na vous. Kwa mtu mzima, afisa au mwalimu, anza na ile ya heshima.

Lakini lililotugusa zaidi ni hili. Estonia ukimkuta mtu anafanya kazi, kuna salamu yake: "Jõudu tööle!" Maana yake nguvu iwe kazini. Naye anajibu "Tarvis!", kwamba inahitajika. Jamani, hii si ndiyo "pole na kazi" yetu? Waganda si wanasema "Gyebale" wakikukuta na jembe? Na ukiwakuta watu mezani unasema "Jätku leiba", mkate usiwaishie. Mkate wao wa kila siku ni mweusi, wa nafaka ya rai. Watu wanaotakiana mkate usiishe, sisi tunaosubiri mgao wa chakula kila mwezi tunawaelewa bila mkalimani.

Hii ndiyo orodha tuliyompa dada yetu aibandike ndani ya jalada la daftari:

Tere: salamu ya wakati wote
Head aega: kwaheri
Aitäh: asante
Vabandust: samahani
Minu nimi on...: jina langu ni...
Ma ei saa aru: sielewi
Palun rääkige aeglaselt: tafadhali sema polepole
Kui palju see maksab?: hii bei gani?
Kus on bussipeatus?: kituo cha basi kiko wapi?
Mul on külm: nasikia baridi
Ma vajan abi: nahitaji msaada
Palun: tafadhali, au chukua, au karibu baada ya kushukuriwa. Neno moja, kazi tatu!

Nambari ya dharura ni 112. Hiyo ishike kichwani, usiiache kwenye daftari.

Ile ya baridi mtaihitaji haraka. Mwezi wa Desemba kule jua linazama kabla ya saa kumi jioni.

Tulimwonya pia asitegemee kwamba kila "tere" itafuatwa na habari za nyumbani, za watoto, za mifugo. Kwetu ukimpita mtu bila kumsalimia umemdharau. Kule watu wengi wanaweza kukaa kimya kwenye basi safari nzima, na hakuna aliyemchukia mwenzake. Mgeni asiyejua hili anaweza kulia usiku wa kwanza akidhani amekataliwa. Kwa hiyo katika kujifunza salamu, jifunze pia ukimya wa wenyeji una maana gani.

Tuyarudie sasa maswali ya wale waliopinga, maana hawakuwa wajinga.

Kwamba vijana wa kule wanajua Kiingereza, ni kweli, wengi wanakijua vizuri. Na masomo ya dada yetu ni ya Kiingereza. Lakini bibi wa ghorofa ya chini huenda hakijui, na fundi atakayekuja kutengeneza bomba pia. Tena wapo wanaozungumza Kirusi zaidi, kama katika mji wa Narva kwenye mpaka na Urusi. Na mtu akitaka kukaa muda mrefu au kuomba uraia, kuna mtihani wa Kiestonia wa kiwango cha B1. Anayeanza na maneno kumi leo, siku hiyo hataanza kutoka sifuri. Kuna kozi ya bure kwenye intaneti, inaitwa Keeleklikk, kwa Kiingereza au Kirusi. Kwa Kiswahili tuliandika wenyewe, tukarekodi sauti na kutumiana kwa simu.

Kwamba lugha ni ndogo, hapo ndipo tunabisha kabisa. Chuo cha Tartu kilianzishwa mwaka 1632, lakini Kiestonia kilikuwa lugha ya kufundishia pale tangu 1919, nchi ilipokuwa imejitangazia uhuru mwaka mmoja kabla. Watu wachache waliamua lugha ya bibi zao inatosha kufundishia udaktari na sheria. Ikaja Vita ya Pili ya Dunia. Mwaka 1944, jeshi la Kisovieti liliporudi, makumi ya maelfu ya Waestonia walikimbia. Wengi walivuka bahari ya Baltiki kwenda Uswidi, wengine kwa mashua ndogo tu, na wengine wakaishia kwenye kambi za wakimbizi Ujerumani. Ndiyo, kambi, kama sisi. Humo walifungua shule za watoto wao, na mwaka 1946 wakimbizi wa Estonia, Latvia na Lithuania walianzisha chuo kikuu mjini Hamburg, baadaye kikahamia Pinneberg, hadi kilipofungwa 1949. Nchi yao ilipata tena uhuru mwaka 1991, na lugha ilikuwepo bado, ikiwangoja. Sisi tunaoambiwa Kibembe na Kirundi havitatufikisha popote, tutaidharauje lugha iliyopita njia hiyo? Tena kijana akimsalimia Mestonia kwa lugha yake, anasalimia familia ambayo labda babu yake naye alilala kwenye hema.

Na wale wanaobaki? Tunabaki wengi, tuseme ukweli. Jioni zile hazikutupatia viza. Lakini tulipokuwa tunagombana na ile "õ", kijana mmoja ambaye miaka mitatu hapa hajawahi kusema zaidi ya "Agandi" alituambia: "Kumbe naweza kujifunza lugha. Basi nianze na ya hapa." Sasa anajua kuuliza "Oraire ota?" asubuhi, na wazee wa kijiji jirani wanamjibu.

Sasa neno kwenu, ndugu zetu wa mashirika. Tunawaheshimu, na wengine wenu mmetusaidia mpaka kusomeka huku. Lakini tumeona mafunzo ya kabla ya safari ambapo saa nzima inakwenda kwenye mkanda wa ndege na jinsi ya kutumia choo, na lugha ya nchi tunayopelekwa haipati hata dakika kumi. Mpeni kila msafiri ukurasa mmoja wa maneno, kwa Kiswahili, pamoja na sauti iliyorekodiwa. Kama sisi tusio na bajeti tumeweza, nyinyi mtashindwa na nini?

La pili linauma kidogo, mtusamehe. Wapo wafanyakazi waliokaa nasi miaka miwili wakaondoka na neno moja, "jambo". Kwetu sisi wa Kivu jambo ni salamu ya kweli, hatuikatai. Lakini baada ya jambo kuna "umelalaje?", kuna "habari ya watoto?", kuna "pole". Mama aliyefiwa hahitaji fomu kwanza, anahitaji kusikia "pole sana mama" kutoka mdomoni mwako, hata kama matamshi yamepinda. Sisi tunaambiwa kila siku tuheshimu desturi za nchi zinazotupokea. Ni haki. Basi na wanaoingia kwetu wapige hodi kwa lugha tunayoielewa.

Hatusemi salamu inaondoa ubaguzi, au inafupisha foleni ya viza. Mtu mwenye roho mbaya utamwambia "tere hommikust" na bado atakugeuzia mgongo. Tunachosema ni kwamba usifike ukiwa bubu. Tumeshafika hivyo mara moja, tunajua inavyouma.

Dada yetu bado anasubiri viza. Juzi alipita kwenye bustani yetu ya mboga, sisi tunapalilia, jua kali. Akasimama pembeni, akapaza sauti: "Jõudu tööle!" Tukajibu wote kwa pamoja, hata yule aliyepinga zaidi siku ya kwanza: "Tarvis!"

Kisha akavua viatu, akashika jembe.