Kona ya Michezo: Kugusa Mpira Kwanza Si Hirizi

Leo naanza kwa kuungama. Katika bonanza letu la muhula uliopita, mwaka wa kwanza dhidi ya wakongwe, kipenga nilipewa mimi, kwa sababu goti langu lilikuwa bado linauma na hakuna mwingine aliyekitaka. Zikiwa zimebaki kama dakika kumi, beki mmoja wa wakongwe, rafiki yangu ambaye tunakaa naye nyumba moja, alitoka mbio kutoka mbali, akaruka kwa miguu yote miwili, akaugusa mpira, kisha njumu zake zikaishia kwenye kifundo cha mguu wa winga wa mwaka wa kwanza. Nusu ya uwanja ikapiga kelele, "Rafu!" Nusu nyingine ikajibu, "Amegusa mpira kwanza!" Nikatoa kadi ya njano. Winga yule alitoka uwanjani ameshikwa mabegani, na mitihani akaja kuifanya kwa magongo.

Tangu siku ile ubishi haujaisha jikoni kwetu. Kwa hiyo nimeisoma Sheria ya 12, ile inayohusu faulo na utovu wa nidhamu, na nawaletea nilichokikuta.

Sheria inapanga makosa ya namna hii katika ngazi tatu. Ya kwanza ni uzembe: mchezaji hakuwa makini alipouendea mpira. Hapo ni faulo tu, bila kadi. Ya pili ni kutojali: mchezaji amepuuza hatari anayomletea mwenzake. Hiyo ni njano. Ya tatu ni kutumia nguvu kupita kiasi au kuhatarisha usalama wa mpinzani. Hiyo ni nyekundu. Tena sheria inafafanua kwamba anayemrukia mpinzani wakati wa kugombea mpira, awe ametokea mbele, ubavuni au nyuma, kwa mguu mmoja au yote miwili, akifanya hivyo kwa nguvu kupita kiasi au kwa kuhatarisha usalama wake, amecheza rafu mbaya na lazima atoke. Nimetafuta mstari unaosema kuwa kugusa mpira kwanza kunamwokoa mtu. Haupo. Wala hapatajwi kukusudia. "Sikukusudia" ni neno la kumwambia mwenzako baadaye, halimzuii mwamuzi.

Basi mwamuzi huangalia nini? Mchezaji alikuja kwa kasi gani na kutoka umbali gani? Mguu ulikuwa umekunjwa au umenyooka? Soli ilikuwa imemwelekea mwenzake? Miguu yote miwili ilikuwa hewani? Alimgusa wapi: juu ya kiatu, kwenye kifundo, au kwenye ugoko? Na kubwa kuliko yote, je, alikuwa bado anaweza kujizuia? Aliyekwisha ruka hawezi kufunga breki hewani.

Kuna jambo moja ambalo hata sisi wapenzi wa mpira hulikosea: jeraha silo linalotoa kadi. Novemba 2019, uwanjani Goodison Park, Son Heung-min wa Tottenham alimkwatua André Gomes wa Everton kwa nyuma. Gomes akapoteza mwelekeo, akagongana na Serge Aurier, na kifundo chake kikavunjika vibaya. Mwamuzi Martin Atkinson alianza na njano. Jeraha lilipoonekana, ikageuka nyekundu. Siku mbili baadaye Chama cha Soka cha England kikaifuta nyekundu ile. Kinachohukumiwa ni tendo, si matokeo yake hospitalini.

Upande wa pili ni fainali ya Kombe la Dunia ya 2010, pale Johannesburg. Nigel de Jong wa Uholanzi aliinua mguu, akampiga Xabi Alonso kifuani kwa njumu. Alonso aliinuka akaendelea kucheza, na Howard Webb alitoa njano. Baadaye Webb mwenyewe alikiri kwamba hakuliona tukio vizuri pale uwanjani, na kwamba lilistahili nyekundu. Mtu hakuvunjika, lakini nyekundu ilikuwa nyekundu.

Siku hizi kuna VAR, lakini nayo ina mipaka. Picha za mwendo wa polepole ni za kuonyesha njumu ilitua wapi. Ukitaka kupima nguvu iliyotumika, utaratibu unataka utazame kwa kasi ya kawaida, maana polepole hubadilisha sura ya kila mgongano.

Nikirudi kwenye bonanza letu, magongo ya yule mdogo wetu si ushahidi. Hata angeinuka na kukimbia, rafiki yangu alikuja kwa kasi, miguu miwili hewani, soli mbele, na hakuwa na namna ya kujizuia. Ilikuwa nyekundu. Tena mimi sina kisingizio cha Webb, kwa kuwa nilikuwa karibu na niliona kila kitu. Nilichofikiria wakati nachomoa kadi ni kwamba usiku ule ilikuwa zamu yake kupika.

Wiki iliyopita nilikwenda kumtaka radhi yule winga. Akaniambia, "Kaka, kadi isingenirudishia mguu. Lakini dakika zile zilizobaki nilikaa pembeni nikiwaogopea wenzangu, maana kila mtu alishaona kuwa ukiingia vile unabaki uwanjani." Sikuwa na jibu. Nilikuwa nikidhani kadi nyekundu ni adhabu ya aliyekosa. Kumbe kazi yake nyingine ni kuwalinda wale ishirini na wengine waliobaki.

Rafiki yangu bado anasema aligusa mpira kwanza, na chakula bado anapika vizuri. Bonanza lijalo tunahitaji mwamuzi. Anayekitaka kipenga ajitokeze katika mkutano wa klabu. Asipopatikana nitakishika mimi tena, na mwenzangu wa nyumba nimeshamwambia.