Kufungia si Kutunza

Wapo watu katika mji huu wa Arusha wanaoamini kwamba kitu kilichofungiwa ndicho kilichotunzwa. Fedha hufungiwa, nguo za harusi hufungiwa, vikombe vya wageni hufungiwa kabatini mpaka mwenye nyumba anafariki bila kuvinywea chai. Kwa fedha na vikombe sina ugomvi nao. Ugomvi wangu unaanza pale imani hiyo inapohamia kwenye karatasi, na hasa zile karatasi dhaifu kuliko zote tulizonazo majumbani, yaani magazeti ya katuni.

Nayaita dhaifu kwa sababu ndivyo yalivyotengenezwa. Yalichapwa kwenye karatasi ya bei nafuu, ile itokanayo na mti uliosagwa mzimamzima pamoja na utomvu na gundi yake ya asili. Gundi hiyo ikipigwa na mwanga hugeuka manjano, kisha karatasi yenyewe huzaa tindikali inayoitafuna taratibu mpaka inavunjika kama chapati iliyolala. Hakuna aliyeyachapa ili yadumu. Yalichapwa yasomwe kwenye basi, yaazimwe, yachanike, na mwisho yafungiwe karanga. Kila nakala iliyopona imepona kwa sababu kuna mtu mmoja aliyekataa kumpa muuza karanga.

Na mtu huyo kwa kawaida alichekwa. Mimi nimechekwa miaka mingi. "Mzee mzima na vikatuni!" Lakini hebu tazama, ndugu msomaji. Ukitaka kujua kiongozi fulani alisema nini mwaka 1985, hotuba yake utaikuta imepigwa chapa na kujaladiwa. Ukitaka kujua watu wa kawaida walicheka nini mwaka huohuo, walitongozana kwa maneno gani, walivaa suruali za namna gani na waliwaogopa wadai wao kiasi gani, itakubidi uwatafute kina Ndumilakuwili na Lodi Lofa ndani ya Sani, gazeti lililopata jina lake kwa kuunganisha majina ya waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nico ya Mbajo. Philip Ndunguru, aliyewachora wahusika hao, alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Wengine waliendelea kuwachora, lakini mkono wake yeye umebaki kwenye karatasi zile tu. Karatasi zikioza, hakuna pa kwenda kuuona tena.

Sasa niseme juu ya kuoza, maana hapo ndipo wafungiaji wanapoharibu.

Sisi tunaoishi ubavu wa kusini wa Mlima Meru, kuanzia Sakina na Ilboru hadi Sekei, Moshono na Tengeru, tunapata mvua inayoletwa na upepo wa bahari. Wenzetu wa Oldonyo Sambu, nyuma ya mlima, wanakaa kwenye ukavu. Kwetu masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei, halafu Juni na Julai mawingu yanatanda asubuhi yote, jua hulioni mpaka saa saba, na ukuta unaotazama mlima unatoa jasho. Hewa ikishika unyevu unaozidi asilimia 65 hivi na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa, kuvu huanza kuota kwenye karatasi. Haingojwi mvua kuingia ndani. Hewa yenyewe inatosha.

Katika hali hiyo, mtu anachukua magazeti yake mwezi wa Mei, anayatia kwenye mfuko wa nailoni, anaukaza kwa kamba, kisha analala usingizi mzuri. Amefungia nini? Amefungia unyevu wa Mei pamoja na magazeti. Karatasi hunywa maji kutoka hewani kama sponji. Mchana chumba kikipata joto huyatoa ndani ya mfuko, usiku baridi ikishuka maji yale yanaganda kama umande upande wa ndani wa nailoni na kuirudia karatasi. Nailoni ni ndumilakuwili hasa: kwa nje inakuzuilia vumbi, kwa ndani inakuotesha kuvu. Mifuko ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini ile ya zamani bado imejaa mivunguni, na kazi yake inaendelea.

Sanduku la bati nalo ni lilelile katika umbo la heshima zaidi. Nimeoneshwa sanduku la namna hiyo huko Njiro, limewekwa juu ya sakafu ya saruji, limesukumwa mpaka ukutani, na kufuli juu yake. Mwenyewe alijivuna kwamba halijafunguliwa kwa miaka sita. Bati hupoa upesi kuliko kitu chochote chumbani, kwa hiyo umande wa kwanza huanguka hapo, chini ya kifuniko. Saruji nayo huvuta maji ya ardhini. Kufuli lilikuwa zuri, sina neno juu yake.

Nisemalo mimi ni rahisi, na halihitaji fedha za kigeni. Sanduku liinuliwe juu ya vipande vya mbao, kimo cha kiganja kutoka sakafuni, na liachiwe nafasi kama hiyo ukutani. Liwekwe kwenye ukuta wa ndani, si ule unaotazama mlima. Boksi gumu la karatasi ni bora kuliko bati, maana linapumua. Magazeti yalazwe bapa, machache machache, yakitenganishwa kwa karatasi safi nyeupe, na selotepu isiyaguse kabisa: gundi yake hugeuka kahawia na haitoki. Wale wanaotia mchele au mkaa ndani ya sanduku wawe na subira nami. Mchele unawaita wadudu na panya, na mkaa unachafua. Vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vinafaa, ila vikishashiba maji havifanyi kazi tena mpaka uvikaushe kwa joto, na ndani ya boksi lisilobana vinashiba mapema.

Kisha, na hili ndilo wasilotaka kulisikia, sanduku lifunguliwe. Januari na Februari, hewa inapokuwa kavu, toa magazeti yote, yatandaze kivulini, fungua kurasa, zipate upepo. Yasianikwe juani. Hapo ndipo utakapokiona kile kidudu cha rangi ya fedha chenye nyuzi tatu mkiani, kinachokimbia ukifunua kurasa. Kidudu hicho hupenda giza, unyevu na amani. Sanduku lisilofunguliwa linakipa vyote vitatu.

"Na vumbi je?" Ni kweli, Agosti hadi Oktoba vumbi letu halina mzaha, linapenya kwenye madirisha ya vioo vya kupangwa hata yakiwa yamefungwa. Udongo wetu umetokana na volkano, na mlima wenyewe ulitoa majivu mara ya mwisho mwaka 1910. Chembe zake ni kali, zinakwaruza. Ndiyo sababu kitambaa kibichi ni adui: kinageuza vumbi kuwa tope na kulisugua ndani ya karatasi. Chukua brashi laini na kavu ya rangi, pangusa kutoka mshono kwenda nje, kwa mkono mwepesi. Shuka kuukuu la pamba juu ya boksi litakamata vumbi lililo jingi. Vumbi lililokauka huondoka. Kuvu ikishakula wino, hairudishi.

Hapo Lakilaki, nje kidogo ya mji, taasisi ya Umoja wa Mataifa iliyorithi kazi za Mahakama ya Rwanda ilifungua majengo yake mwaka 2016, na nyaraka za kesi zile zikapata jengo lao maalumu. Silinganishi katuni na ushahidi wa mauaji ya kimbari, kungekuwa kukosa adabu. Nataja jengo hilo kwa sababu wenye ujuzi wa karatasi hawakuridhika na milango na kufuli. Waliishughulikia hewa.

Vijana wananiambia, mzee, piga picha kwa simu, yatupe. Picha nimepiga. Lakini simu huibiwa, na aliyepiga picha huchukua ukurasa wenye mchoro na kuacha ule wa barua za wasomaji na matangazo ya redio kaseti, ambao kwangu ni nusu ya gazeti.

Swali moja tu la wafungiaji huwa nalijibu kwa upole: itakuwaje magazeti yakifunguliwa na watoto wa jirani wakaja kuyasoma? Waje. Waoshe mikono, waikaushe vizuri, na maembe wayaache nje.