Mikoko ya Gazi na milima yetu: ni nani anashika mfuko?

Maji ya Ziwa Kivu hayaishii kwenye ufuko wetu. Yanateremka kwa Ruzizi hadi Tanganyika, yanatoka kwa Lukuga, yanaingia Lualaba, na mwishowe yanafika Muanda, mahali mto Kongo unapokutana na bahari. Huko kuna mikoko, miti inayoota katika maji ya chumvi, ambayo serikali ililinda kama hifadhi mwaka 1992. Kwa hiyo habari ya mikoko si ya watu wa pwani peke yao.

Kazi ya miti hiyo ni kubwa. Mizizi yake inashika udongo, inapunguza nguvu ya mawimbi, na samaki wadogo wanakulia humo. Sasa bahari inapopanda kwa sababu ya joto la dunia, kijiji kisicho na mikoko kinabaki wazi.

Wenzetu wa Gazi, kusini mwa Mombasa nchini Kenya, walijifunza hayo kwa hasara. Katika miaka ya 1970 mikoko yao ilikatwa sana kwa kuni za viwanda, na sehemu nyingine haikuota tena yenyewe. Tangu 1991 watafiti na wanakijiji walianza kuipanda upya. Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vilianzisha Mikoko Pamoja: wanatunza hekta 117 za mikoko, na hewa chafu inayohifadhiwa na miti, kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka, inahesabiwa na kuuzwa kwa wanunuzi wa ng'ambo.

Fedha si nyingi. Lakini kamati inachaguliwa na wanakijiji, na matumizi yanazungumzwa mbele ya watu wote. Zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Pia walipanda mivinje nchi kavu, ili mtu anayehitaji nguzo au kuni asirudi kukata mikoko. Mwaka 2019 jirani zao wa Vanga walifuata njia hiyo kwa hekta zaidi ya 400.

Sisi tunaona somo hapo. Huku kwetu miche imepandwa mara nyingi. Siku ya kupanda kuna picha na hotuba. Baada ya kiangazi kimoja mbuzi wamemaliza. Shida si kwamba watu hawapendi miti. Mama wa Goma anapika kwa makala, na kwa miaka mingi makala mengi yametoka Virunga. Ukimwambia aache makala bila kumpa moto mwingine, umemwambia watoto walale njaa. Tena vita imefukuza watu wengi mashambani, na mtu asiyejua atalala wapi mwezi ujao hawezi kungoja mti miaka kumi.

Hata hivyo mlango upo. Amri ya serikali ya Agosti 2014 inaruhusu jamii kuomba msitu wake, hadi hekta 50,000, na kuutunza wenyewe. Na wanunuzi wa hewa ya misitu wanaizungukia nchi yetu. Wakifika kwa chefu na karatasi ya kutia sahihi, wazee wa kanisa, wamama na vijana waulize maswali matatu kwanza. Nani anashika mfuko, na hesabu inasomwa wapi? Watu watapikia nini wakati msitu unafungwa? Mkataba ni wa miaka mingapi, na watoto wetu watabaki na haki gani juu ya udongo huo?

Kama majibu hayasemwi mbele ya watu wote, kwa lugha wanayoielewa, tusitie sahihi. Kama yanasemwa, tuanze na kilima kimoja, na kwenye kilima hicho tuanze na miti ya kuni.