Nafuu ya Mionzi Isichukuliwe Kuwa Kupona

Mtoto aliyefikishwa kwenye chumba cha mionzi akiwa amebebwa mgongoni, mara nyingi hurudi nyumbani wiki sita baadaye akitembea. Makengeza yamepungua, anakula bila kupaliwa, na jamaa wanashukuru. Hapo ndipo ukimya wa wahudumu wa afya unapoleta madhara, kwa kuwa uvimbe unaosambaa ndani ya shina la ubongo, katika sehemu iitwayo ponsi, hurudi karibu kila mara.

Jambo hili si geni. Karen, binti wa mwanaanga Neil Armstrong, aligunduliwa na uvimbe wa aina hiyo nchini Marekani mwaka 1961, akiwa na umri wa miaka miwili. Baada ya mionzi alijifunza tena kutembea. Kisha ugonjwa ukarudi, akafariki Januari 1962. Mashine zimeboreshwa sana tangu hapo, lakini watoto wengi bado hawamalizi mwaka mmoja baada ya kugunduliwa.

Ugonjwa unaporudi kwa kasi, baadhi ya wazazi huamini kwamba mionzi ndiyo iliyousambaza. Sivyo, ingawa dhana hiyo inaeleweka kwa mtu ambaye hakuelezwa mapema. Seli za uvimbe huu hupenya katikati ya tishu zenye afya tangu mwanzo, ndiyo maana hauondolewi kwa upasuaji. Mionzi, kwa kawaida grei 54 katika vipindi 30, huzipunguza tu. Zinazosalia huendelea kukua, na nyingine husafiri katika maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Kwa hiyo maumivu mapya ya mgongo, au miguu kuishiwa nguvu, yasidhaniwe kuwa uchovu wa tiba. Yanastahili kipimo cha MRI. (Katika miezi ya mwanzo, hata hivyo, mionzi yenyewe huweza kuvimbisha tishu kwa muda, na deksamethasoni husaidia.)

Mazungumzo na wazazi yafanyike kabla ya kipindi cha kwanza. Wapo wanaohofu kwamba ukweli huo utawavunja moyo. Lakini mzazi asiyejua huimaliza miezi ile mizuri katika shughuli zake za kila siku, kisha huuza shamba wakati mtoto hawezi tena kumeza. Kurudia mionzi kwa dozi ndogo huweza kupunguza dalili kwa miezi michache. Familia iliyoelezwa mapema, na iliyokwisha kukutana na wahudumu wa tiba shufaa, huweza kuamua kwa utulivu kama irudi hospitalini, au mtoto abaki nyumbani na morfini yake ya maji, ndugu zake wakiwa karibu.