Mwacheni Biharusi Alale



Najua leo nitawaudhi mashangazi na masomo wengi, na pengine hata wewe unayesoma hapa huku mikono imejaa hina mbichi, unabonyeza simu kwa ncha ya kidole kimoja. Nisameheni. Lakini msimu wa harusi umeshika kasi, na juzi nimetoka harusini nimemwona biharusi analia. Sisemi kile kilio cha kuagana na mama, kile tunakijua na tumekilia sote. Huyu alilia kwa sababu ya pini. Pini ya ushungi ilimgusa karibu na sikio, akaanza, na nusu saa nzima hakunyamaza, mpaka wanja na poda vikachuruzika kama mvua ya masika.

Nyuma yangu kina mama walikuwa wameshatoa hukumu. Mmoja anasema ni kijicho, mtoto picha zake zimeonekana mno. Mwengine anasema huyu ana mtu wake, huyu mume hamtaki. Wa tatu, mtu mzima wa kuheshimiwa, alitaka aitwe shehe aje amsomee pale pale kabla ya kutolewa ukumbini.

Mimi nikamvuta pembeni mdogo wake nikamuuliza, "Dada yako kalala lini?" Akahesabu kwa vidole. Siku ile ilikuwa Ijumaa usiku. Akanambia, "Jumanne, shangazi."

Hebu tuhesabu pamoja. Jumatano wageni wa Pemba wameteremka bandarini, wamepangwa chumba kile kile cha biharusi, wengine kitandani kwake, wengine mikekani, taa inawaka na watoto wanakimbizana. Alhamisi ni hina na piko. Fundi kasema atakuja baada ya magharibi, kafika saa nne usiku kwa sababu alikuwa na biharusi mwengine Jang'ombe, kamaliza saa tisa. Na mtu aliyetiwa hina mikono yote na miguu mpaka karibu na magoti halali. Anakaa kama sanamu anangoja ikauke, pua ikimuwasha anaomba akunwe. Alfajiri anaoshwa, saa mbili asubuhi yuko saluni, huko tena mpaka mchana kichwa kinavutwa kwa moto. Siku tatu, saa sita za usingizi, na hizo za vipande vipande. Halafu tunashangaa anaililia pini!

Nasema wazi, na mwenye kukasirika akasirike. Kwa hakika mtoto yule alikuwa na deni la usingizi, na deni lile tumembebesha sisi. Sikatai kijicho, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kipo na ametufundisha dua zake. Ninachokataa ni sisi kumfunga mtu macho yasilale siku tatu, kisha akivunjika tumsingizie jini. Swali la kwanza liwe kalala? Likijibiwa, ndiyo tuendelee na mengine.

Na hili si maneno ya mtaani tu. Mwaka 2007 watafiti Marekani waliwaweka macho vijana wazima wa afya kwa saa kama 35, kisha wakawaonyesha picha za kuudhi huku wakipima ubongo. Ndani ya ubongo mna kisehemu kidogo chenye umbo la lozi, madaktari wanakiita amigdala, ambacho ndicho king'ora cha hofu na hasira. Kwa wale waliokesha king'ora kililia zaidi kwa asilimia 60 kuliko kwa wale waliolala. Tena kile kiungo kinachokiunganisha na sehemu ya mbele ya ubongo, sehemu ya busara inayosema "tulia, ni pini tu", kilikuwa kimelegea. Usiku mmoja tu huo. Biharusi wetu kapigishwa mitatu.

Sasa hapa ndipo wanapopotea watu wazima. Wanakwambia, "Mbona usiku wa hina alikuwa anacheka? Saa tisa ile alikuwa anaimba na wenzake, kachangamka kuliko sisi!" Kweli, na mimi nimeliona. Na hii ndiyo ajabu ya usingizi na moyo wa mtu, kwamba kukesha kunaweza kumnyanyua kabla ya kumwangusha.

Madaktari wa Ujerumani wanaijua ajabu hii tangu zamani. Daktari Walter Schulte wa Tübingen alisimulia habari ya mwalimu wa skuli aliyesumbuliwa na huzuni nzito, ambaye usiku mmoja alipanda baiskeli akaendesha mpaka asubuhi, na asubuhi ile akajiona mzima. Mwaka 1971 wenzake wawili, Pflug na Tölle, wakaandika kuhusu wagonjwa waliowekwa macho usiku kucha kwa makusudi. Tangu hapo jambo hili limejaribiwa mara nyingi, na karibu nusu ya wagonjwa wa huzuni hupata nafuu asubuhi yake. Lakini wakishalala tu, wengi huzuni inawarudia ile ile. Nafuu ya kuazima. Kwa hiyo kicheko cha saa tisa usiku hakimaanishi kwamba mtoto ana nguvu. Ni mshumaa unaong'ara ukikaribia kwisha.

Na kuna jambo zito zaidi, naomba mlisome polepole. Wapo watu ambao katika ukoo wao kuna ugonjwa wa kupanda na kushuka, mara mtu juu hashikiki, mara chini haamki. Kwa mtu wa namna hiyo mikesha miwili mitatu inaweza kuwa ndiyo inayoufungua mlango. Anaanza kusema haraka, hasikii usingizi wala njaa, ananunua vitu, anagombana na kila mtu, na yeye mwenyewe anasema hajawahi kujisikia vizuri hivi. Tukisema "furaha ya harusi hiyo", tumechelewa. Kama nyumbani kwenu yupo aliyewahi kuugua hivyo, usingizi wa biharusi wenu uulindeni kama mnavyolinda dhahabu yake.

Najua hoja itakayofuata. "Sisi enzi zetu tulikesha na hatukufa." Bi mkubwa, shikamoo, lakini tuisimulie hadithi yote. Enzi zenu mwali alifungiwa ndani. Siku kadhaa hashiki kazi, haoni jua, somo yake anamsugua singo, anamlisha, anamlaza mchana kutwa. Ngoma zilikuwa za usiku, ndiyo, lakini mchana nyumba inanyamaza. Na baada ya nikaha mlikuwa na fungate, siku saba ndani, chakula kinaletwa mlangoni, somo yuko karibu. Leo biharusi anatoka kazini Jumanne jioni, Ijumaa anaolewa, Jumatatu ijayo amerudi ofisini. Kesha tumelibakisha, tena tumeliongezea ukumbi, vipaza sauti na mpiga picha anayetaka "moja tu ya mwisho" saa saba usiku. Mapumziko yake tumeyatupa. Kisha tunaita mila.

Wengine watakuja na dini. Watasema mja mwema hukesha. Dada zangu, hebu tukumbuke ile kamba. Mtume (s.a.w.) aliingia msikitini akakuta kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akauliza ya nini, akaambiwa ya Zaynab, akichoka katika sala hujishikilia. Akaamrisha ifunguliwe, mtu asali akiwa na nguvu, akichoka akae. Hiyo ni kamba ya ibada, tena ya mama wa waumini, na imefunguliwa! Ya taarabu tunaifunga kwa fundo gani? Amesimulia pia bibi Aisha (r.a.) kwamba anayesinzia ndani ya sala aende alale kwanza, maana huenda akataka kuomba msamaha akajikuta anajitukana. Na kisa cha Salman na Abu Dardaa mnakijua. Salman alimkuta mke wa nduguye kajiachia, hana hamu ya kujipamba, kwa sababu mumewe mchana kafunga na usiku yuko katika sala. Usiku ule Salman alimlaza Abu Dardaa kwa kumkatalia kuamka mpaka mwisho wa usiku, akamwambia mwili una haki yake na mke ana haki yake, na Mtume (s.a.w.) akamsadikisha Salman. Mimi kila nikisikia kisa hiki huwa namfikiria Ummu Dardaa. Mgeni kaingia mara moja tu nyumbani, kaona uso wa mwanamke, kajua usiku wa nyumba ile unakwendaje.

Nami sizungumzi kwa kusoma tu. Nilipoolewa nilikesha kama alivyokesha mtoto yule, kisha nikaenda ukweni ambako mwanamwari hutarajiwa kuwa jikoni kabla ya adhana ya alfajiri. Usiku tunalala saa saba kwa wageni, saa kumi nakanda unga wa maandazi. Siku ya tisa nilivunja bilauri. Wifi yangu akacheka tu, hakusema lolote baya, nami nikamrushia maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka naona haya. Nikaitwa mkali, kisha ikasemwa nina jini la Kipemba, nikafukizwa mpaka nikakohoa. Aliyeniponya ni mama mkwe, Allah amrehemu. Alikuja kutoka shamba, akanitazama, akasema, "Mwanangu, ingia ndani ulale, mtu asikugongee." Nikalala kutoka adhuhuri mpaka karibu na magharibi, nikaamka nikamwomba wifi yangu msamaha. Jini lenyewe halikuonekana tena.

Huyo ndiye mama mkwe ninayewaombea nyote. Kuamka kwa sala ni faradhi yetu na hatubishani hapo. Lakini usingizi wa ndoto nyingi, ambao watafiti wanaamini ndio unaoutuliza moyo na yaliyoupata jana, huja zaidi katika saa za mwisho wa usiku. Mtu aliyelala saa saba akaamshwa saa kumi kwa ajili ya maandazi kanyimwa hasa ule anaouhitaji. Maandazi yanunuliwe.

Wakifika wazazi, mambo yanazidi. Mama aliyejifungua karibu sote hulia lia siku ya tatu, ya nne, ya tano, na hupita. Lakini kati ya kila wanawake 1,000 wanaojifungua, mmoja au wawili huvurugikiwa akili kabisa katika wiki za mwanzo, na mara nyingi dalili ya mwanzo ni kwamba halali hata mtoto akiwa kalala. Huyo hasubiri arubaini iishe wala hafukizwi kwanza. Anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Jina la Kidongo Chekundu tumelifanya tusi la mitaani, na aibu hiyo ya kijinga inawachelewesha wake za watu kupata dawa. Kisomo asomewe, nani kakataza? Asomewe ndani ya gari, njiani.

Nimeandika kana kwamba usingizi ukipatikana kila kitu kinapona. Sivyo. Moyo nao huufukuza usingizi. Anayeamka saa tisa kila usiku, anatazama dari mpaka adhana, wiki ya pili sasa, huyo kumwambia "lala" ni kumwambia mwenye homa apoe. Na anayelala mchana na usiku, haamki hata kwa chai, msimwite mvivu haraka. Yote mawili yanaweza kuwa ni huzuni imeingia mwilini, na hata daktari hawezi kusema kwa urahisi lipi lilitangulia. Lakini wagonjwa waliotibiwa kukosa usingizi, kwa kuamka saa ile ile kila siku na kutokaa kitandani wakihangaika bure, wengi huzuni zao nazo zimepungua. Kwa hiyo ushike uzi upande wowote, lakini ushike.

Na kahawa, jamani. Kwa mtu mzima wa kawaida, nusu ya nguvu yake hubaki mwilini saa tano baadaye. Kikombe cha saa mbili usiku, nusu yake iko macho nawe saa saba.

Mtoto wa kaka yangu anaolewa mwezi ujao, inshaallah, na ukoo umeshaninunia. Hina nimeihamishia Jumanne, mchana, fundi kashalipwa nusu, na akichelewa kupita alasiri harudishiwi zamu. Wageni wa Pemba watalala kwa jirani. Simu yake atanipa mimi baada ya isha. Chumba chake nimekitia kitasa kipya, na ufunguo ninao mimi. Shangazi yake wa upande wa mama kaniambia mbele za watu kwamba namfunga mtoto kama mfungwa. Nikamwambia ndiyo, shoga yangu, siku tatu tu, na chai utamletea wewe saa moja asubuhi, na ugonge polepole.