Benki Ikikataa, Iulizwe Sababu



Mfanyi kazi wa reli akiitwa na mkubwa wake kwa kosa, chama hakimwachi aende peke yake. Mjumbe huenda naye, huuliza kosa ni lipi, na hutaka liandikwe. Lakini mke wa mfanyi kazi huyo huyo, mwenye cherehani mbili na kibanda cha kushona sare za shule, akienda benki kuomba mkopo hujibiwa "haiwezekani" pale dirishani, akarudi nyumbani kimya kama aliyehukumiwa. Mimi nasema jambo hili latuhusu.

Wako wasemao kazi ya chama ni mishahara, si maduka. Basi na watuambie, mshahara ukichelewa, unga hutoka wapi?

Wazee wetu walifungiwa mlango huu kwa sheria. Ile ya 1948 ya kuzuia mikopo kwa Waafrika ilisema deni la Mwafrika kwa asiye Mwafrika likipita Sh. 200 halidaiki kortini isipokuwa limeandikwa na kushuhudiwa na afisa wa Serikali. Ati ni kutulinda! Nani angemkopesha mtu asiyeweza kumdai? Sheria ile ilikwisha, ila hofu ya karani wa benki tunayo bado.

Siku hizi yapo mambo ya kushika. Mtu ana haki kupata bure, mara moja kila mwaka, taarifa yake iliyoko katika zile ofisi za kumbukumbu za mikopo ziitwazo CRB. Akikuta humo deni alilokwisha lipa, ana haki kulipinga na kutaka lisahihishwe. Tena wengi hukataliwa kwa kukosa hati ya shamba, wala hawajui kwamba kwa sheria ya 2017 ya dhamana za mali inayohamishika, cherehani, ng'ombe na bidhaa za dukani zaweza kuwekwa rehani. Benki hailazimishwi kukubali, ni kweli, lakini karani asiseme haiwezekani.

Uingereza, mwaka 2011, benki kubwa zilikubali kwamba mwenye biashara ndogo akinyimwa mkopo aweza kukata rufani, na Profesa Russel Griggs akawekwa kuziangalia. Mwaka wa kwanza rufani zilipita 2,000, na karibu 4 katika kila 10 jibu liligeuka. Benki zilikuwa zile zile zilizokataa. Zilitakiwa tu kusoma karatasi mara ya pili.

Hapa tusingoje profesa. Tawi litoe meza moja na mtu mmoja ajuaye kuandika barua, kila Jumamosi asubuhi. Barua ya kwanza iende kwa meneja: sababu ni nini, kwa maandishi? Jibu lisipokuja, au likija la ovyo, malalamiko yapelekwe Benki Kuu. Naye mwombaji alete hesabu zake za miezi sita, mauzo na matumizi, maana hatuwezi kumtetea asiyeandika chochote. Naona hapo ndipo tutakapotoka jasho zaidi kuliko kwa meneja.

Nitalileta shauri hili katika mkutano ujao wa tawi. Anayelipinga naye aje, aseme.